Mwenyekiti wa safari anataka vipimo vyangu kwenye grupu

Anti shikamoo,

Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Tabata, ni mhasibu kwenye kampuni binafsi. Tuko mashosti wanne tangu chuo, watatu tupo hapa Dar na mmoja yupo Muscat, na huyo wa Muscat ndo bibi harusi wetu, anaolewa mwezi wa saba Unguja. Tukasema kabla hajaolewa tufanye safari moja ya maana wote wanne, maana ukishaolewa unajua tena, mara mume mara mimba mara "ngoja nimuulize". Tumebishana weee, mmoja anataka Cape Town mwingine Dubai, mwisho tukaangukia Vietnam kwa sababu kuna mji unaitwa Hoi An ambao kila mtu mtandaoni anaposti anavyoshonewa suti kwa masaa 24, na tukaona bora tukashone kule nguo za harusi kabisa. Sisi watatu suti za sare rangi ya kijani cha chupa, bibi harusi suti yake nyeupe ya kuondokea. Tunafika Hoi An Februari 13 tunaondoka 17 asubuhi, tumebana hizo tarehe makusudi ili turudi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, mimi na bibi harusi tunafunga.

Sasa shida. Kuna mwenzetu kwenye grupu tunamwita Mwenyekiti, yeye ndo anapanga kila kitu, viza, tiketi, hoteli, yaani bila yeye tungekuwa bado tupo kwenye "tutaenda inshallah". Wiki iliyopita kaandika kila mtu aweke vipimo vyake kwenye grupu, kifua kiuno hipsi urefu wa mkono kila kitu, na tumtumie dola 110 kila mmoja kama advansi (suti moja ni dola 220) ili duka lianze kukata kabla hatujafika. Wenzangu wameweka vyao dakika hiyohiyo na vile vikatuni vya kucheka. Mimi nimekaa kimya mpaka leo.

Anti mimi ni bonge. Sina aibu na ubonge wangu, mume wangu ananipenda hivihivi na nguo navaa napendeza, ila kuna siku tulishona sare ya sendofu ya mwenzetu mwingine, fundi akasema mbele za watu "huyu dada peke yake anakula vitambaa viwili", na hao hao mashosti wakacheka mpaka machozi, na mpaka leo tukikaa mahali lazima mtu aikumbushie. Sitaki hipsi zangu zikae kwenye grupu zipigwe skrinshoti.

Halafu kuna kingine. Juzi usiku Mwenyekiti katuma picha ya maongezi yake na lile duka, alitaka tuone rangi, ila kwa juu kidogo kulikuwa na mstari duka linamwambia akileta wateja watatu suti yake yeye ni bure na koti la baridi juu yake. Akaifuta fasta, "ujumbe huu umefutwa", ila mimi nilishaiona, nadhani wenzangu walikuwa wameshalala. Tangu hapo nikimuona anaandika "tuchangamke jamani duka linatusubiri" roho inaniuma. Yaani anakula cha juu kwetu sisi?

Niseme kwenye grupu? Nitume hivyo vipimo yaishe? Au nijitoe tu kwenye suti nikashone zangu Kariakoo, mume wangu ananiambia ndo hivyo nifanye, lakini kwenye picha za harusi nitakuwa mimi peke yangu wa tofauti. Nisaidie Anti.

Bonge wa Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Hebu kwanza tuliache la Mwenyekiti, tulirudie baadaye. Hizo tarehe nani kazichagua? Februari 17 mwaka huu wa 2026 ni Tet, mwaka mpya wa Kivietnam, na Tet ya wale watu ni kama Krismasi na Idi zimekutana siku moja. Mafundi wanaokaa nyuma ya yale maduka wengi wanarudi kwao vijijini, maduka mengi yanafunga siku kadhaa, na zile siku chache kabla ya hapo ndo wanahangaika kumaliza oda za watu wao wenyewe maana kila mtu anataka nguo mpya ya sikukuu. Nyinyi mnafika tarehe 13 jioni na begi lenu mnataka suti nne! Hata mkipata duka liko wazi, mtapata nguo iliyoshonwa na mtu ambaye moyo wake uko kwenye basi la kwenda kwa mama yake. Na kama ina kasoro mnamrudishia nani, tarehe 17 asubuhi kumefungwa na nyinyi mnakimbilia ndege.

Hii Tet inahama kwa sababu inafuata mwezi, inaangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, kwahiyo mtu akiangalia kalenda yetu ya kawaida haioni. Simlaumu Mwenyekiti kwa hilo, mlikuwa mnaikimbia Ramadhani mkaingia kwenye sikukuu ya watu wengine.

Mimi ningesogeza mbele, baada ya Idi. Idi mwaka huu inaangukia karibu na Machi 20, kwahiyo mwezi wa nne mko huru, Hoi An kunakuwa kukavu, jua lipo lakini si la kuua (mvua zao kubwa ni kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili, Oktoba na Novemba mto unapanda mpaka ndani ya mji mkongwe watu wanatembea kwa mitumbwi mtaani, si utani). Harusi ni mwezi wa saba, mkishona mwezi wa nne mnabakiwa na muda wa kutosha fundi wa nyumbani kurekebisha, na hilo nalihesabu kuliko punguzo lolote. Kama tiketi zimeshakatwa na hazibadiliki, nendeni mkale cao lau yenu (tambi za kule), mpige picha na zile taa za rangi za mitaani, mfurahie Tet, ila suti mzisahau kwenye safari hiyo.

Haya, vipimo.

Usitume. Na sababu ya kwanza ya kutotuma haihusiani na aibu kabisa, ni ufundi. Mimi nimekaa kwenye cherehani kabla sijakaa kwenye hizi barua za watu, na nakwambia vipimo vya mtu aliyejipima mwenyewe chumbani mbele ya kioo ni vya uongo hata akiwa mwembamba kama fito. Ukijipima kifua ile futi inashuka mgongoni na wewe huioni. Ukijipima kiuno unavuta tumbo ndani, kila mtu anavuta, hata mimi navuta. Halafu suti haikatwi kwa namba tatu, suti inakatwa kwa vitu ambavyo havina namba, bega lako moja limeshuka kidogo kwa sababu ya kubeba pochi upande mmoja miaka yote, mgongo wako una bonde pale chini, mikono ya juu imejaa kuliko ya mwenzio mwenye kifua kama chako. Fundi anayejua kazi anayaona hayo ukiwa umesimama umesahau kwamba anakuangalia. Kwahiyo hao waliotuma kwa vikatuni vya kucheka nao watapata suti mbaya, hilo unaweza kuwaambia bila kugusa mwili wako hata kidogo: "mimi nitapimwa na fundi mwenyewe nikifika". Sentensi imeisha hapo, huna haja ya kueleza.

Na ukifika usiende kupimwa na kundi. Pale madukani wanapima katikati ya duka, mmoja anapima anataja namba kwa sauti na mwenzie anaandika, na wafanyabiashara wa kule hawana kona, anaweza kukupapasa tumbo akacheka akasema "big big", hana nia mbaya lakini mashosti zako wamesimama nyuma yako. Nenda wewe peke yako asubuhi wenzio wakiwa bado wanakunywa kahawa, omba mwanamke akupime kwenye kile chumba cha pazia, na vaa sidiria ile ile utakayovaa siku ya harusi na viatu vya urefu ule ule. Kama kuna koti lako unalolipenda linalokukaa vizuri libebe uwape waliangalie, hilo koti litawaambia mengi kuliko picha mia za Pinterest. Swali la bei muulize hapohapo kabla hajashika mkasi, maana wengine wanaongeza hela kidogo kwa mwili mkubwa kwa kuwa kitambaa kinaenda zaidi, ni haki yao ila iandikwe kwenye risiti siku ya kwanza, isije ikazuka siku ya kuondoka.

Sasa fitingi, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri kwa sababu wewe ukiwa bonge utashawishika kukubali chochote kilichofunga vifungo. Siku ya pili watakuvalisha koti halijaisha, lina nyuzi nyeupe za kushikiza na alama za chaki. Simama kwenye kioo usijiangalie uso, angalia kitambaa. Ukiona mistari inavutwa kwa ulalo kuanzia kwenye kifungo kwenda ubavuni, linakubana pale, hata kama limefunga. Ukiona kitambaa kimejikunja mkunjo wa kulala chini kidogo ya kola kwa nyuma, bega halijakaa mteremko wako, wakiachia hivyo hakuna fundi Dar atakayelitengeneza bila kulifumua lote, maana suruali unaweza kupunguza au kuongeza popote lakini bega la koti ni kazi kubwa. Kaa kwenye kiti. Nyoosha mkono kama unashika bomba la daladala. Kumbatia mtu, harusini utakumbatia watu wengi kuliko utakavyosimama. Kati ya kifungo na kifungo pale kifuani kama panaachama, waambie waweke kifungo kidogo cha kubonyeza kwa ndani, ni kazi ya dakika mbili. Na waambie wazi waache nafasi ya ndani kwenye mishono ya ubavu na ya nyuma ya suruali, usione haya, kati ya mwezi wa nne na wa saba mwili unakwenda unarudi. Mafundi wengi wa kule wamezoea miili midogo ya kwao na ya wageni wanaopenda kubanwa, usipoomba nafasi hawaachi.

Hapo unaona mwenyewe masaa 24 hayatoshi. Wanaweza kushona kwa masaa 24, hilo kweli, duka unaloliona mbele mara nyingi linauza na kupima tu, nguo zinapelekwa kwa pikipiki kwenye vibanda vya kushonea nje ya mji mkongwe na watu wanakesha nazo, na maduka mawili ya jirani yanaweza kuwa yanapeleka kwa fundi mmoja. Lakini kushona ni nusu ya kazi. Suti inataka fitingi mbili na ikiwezekana tatu, kwahiyo duka liwe ndo kituo chenu cha kwanza mkishaweka mabegi, kuogelea baadaye.

Turudi kwa Mwenyekiti wako.

Kwanza nikwambie ukweli kuhusu ule mji. Hoi An ilikuwa bandari ya biashara karne nyingi, Wachina na Wajapani wote walikuwa wanashusha mizigo pale, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1999 na tangu hapo watalii wamejaa, na cha juu kipo kila mahali. Dereva aliyewatoa uwanja wa ndege wa Da Nang, dada wa mapokezi hotelini, yule anayekukaribisha vizuri sokoni "my sister has shop", wengi wao wakikupeleka kwa fundi wanapata chao, na hicho chao kipo ndani ya bei yako. Kwahiyo duka lililomuahidi Mwenyekiti suti halijafanya kitu cha ajabu, ndo biashara yao ilivyo.

Ila piga hesabu wewe mhasibu. Suti tatu zinazolipiwa ni dola 660. Kama duka linaweza kushona nne kwa hiyo hela, gawanya kwa wanne, inakuja 165 kila mtu, na bado kuna koti la baridi. Hapo mimi namuona Mwenyekiti kwa macho mawili. Jicho moja linaona mtu aliyehangaika na viza za watu wazima wanne, aliyekesha anatafuta hoteli, hakuna aliyemlipa hata vocha, na kama angesema "jamani mimi nimewapangia safari, duka linanipa suti, sawa?" nadhani wote mngesema sawa na mngempigia makofi. Jicho la pili linaona aliyefuta ujumbe. Anayefuta anajua. Na kuharakisha watu watume advansi wakati unajua wewe hulipi, hilo silipendi hata kidogo.

Lakini usilipeleke kwenye grupu, nakukataza. Ukiandika kule mbele ya bibi harusi itakuwa ni kesi, atajitetea, mwingine atachukua upande, na mpaka mwezi wa saba mtakuwa mnapigana vijembe kwenye sherehe ya mtu. Mpigie simu, si ujumbe, simu. Anza na Tet, kwa sababu hiyo ni habari ya kumsaidia na itamfanya ashushe pumzi. Halafu mwambie hivi: "Shoga, ile picha uliyofuta niliiona. Sina ugomvi, umetuhangaikia sana. Ila naomba hilo punguzo tuliombe liwe letu wote, tulipe sawa wanne, na lile koti chukua wewe kwa kazi uliyofanya." Halafu nyamaza. Usijazie maneno. Ukimya wako ndo utamfanyia kazi.

Akikubali, rafiki unaye. Akikuruka, "koti gani, ujumbe gani", basi humkabi koo, unamwambia tu kwamba wewe utachagua fundi wako ukifika, na advansi hutumi. Na hii ya advansi ningekukataza hata kama Mwenyekiti angekuwa malaika. Kawaida pale unalipa nusu ukishachagua kitambaa na kupimwa, nusu unamalizia nguo ikishakukaa mwilini. Ile nusu iliyobaki mkononi mwako ndo inayomfanya fundi alifumue bega saa tatu usiku bila kununa. Ukishatuma hela kutoka Dar kwa duka ambalo hujalikanyaga, rangi tu ya kijani cha chupa unaweza kufika ukakuta kijani cha sare za shule.

Na la duka moja nimuunge mkono Mwenyekiti kidogo. Sare ikitoka kwenye jora moja la kitambaa rangi inafanana, mkigawana maduka matatu mtapata kijani tatu tofauti kwenye picha. Kwahiyo kitambaa nunueni pamoja, jora moja, duka moja, ila mshono kila mtu wa kwake. Wewe na hipsi zako mshono wa koti refu kidogo lililopita nyonga, mwenye kiuno kidogo avae fupi, nani kasema sare lazima kila mtu avae umbo la Mwenyekiti. Na hapo unapata pia sababu safi ya kupimwa peke yako.

Kitambaa chenyewe, wakikwambia ni sufu au hariri omba nyuzi chache uchome kwa kiberiti. Ikinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika kwenye vidole, ni kweli. Ikiyeyuka ikaacha shanga ngumu nyeusi, hiyo ni polista, na polista na jua la Unguja la mwezi wa saba mchana nadhani sihitaji kukueleza utakavyokuwa umelowa kwapani. Duka la kweli halikasiriki ukichoma. Bei ya dola 220 si ya wizi kwa koti na suruali vyenye bitana nzuri, ila kwa polista ni wizi. Wabane wakubandikie kipande cha kitambaa ulichochagua kwenye risiti, ili kikija kingine mna ushahidi. Na ukilipa taslimu angalia noti zao, ile ya dong 20,000 na ile ya 500,000 zote zina rangi ya bluu na kwenye taa za jioni zinafanana, watu wamelipa sahani ya tambi kwa hela ya siku tano.

Mume wako anayesema Kariakoo ana hoja yake. Gauni la kitenge, la kulinganisha maua mbele na nyuma, usimpelekee Mvietnam, fundi wako wa hapa analijua kuliko yeye. Ila koti lenye bitana na kola iliyolala sawasawa, kule wanashona vizuri na kwa bei ambayo hapa kuipata ni usumbufu. Kwahiyo nenda ukashone, ukiwa na wenzio, mwezi wa nne.

Na siku ya kuchukua mzigo omba mabaki ya kitambaa chako chote, wana tabia ya kubaki nayo usipoomba, uyakunje uyaweke chini ya begi. Fundi wako wa Dar atayahitaji siku ya kuongeza pale kwenye mikono.